Kabla hujabeba hotpoti kwenda kwa mzazi

Siku za mwanzo baada ya kujifungua, mzazi huletewa chakula kingi kuliko kinavyoweza kulika. Supu ya kuku inakutana na mtori mezani, hotpoti zinapangwa hadi sakafuni, na kesho yake nusu inamwagwa. Wiki ya tatu, bibi wa mtoto akisharudi kwake na baba yuko kazini, jikoni kunabaki chai na mkate. Kwa hiyo kabla ya kuwaza upike nini, jua chakula chako kitaliwa lini. Mpigie simu anayemhudumia mzazi, mzazi mwenyewe mwache alale, na umuulize: nyumba ina watu wangapi, friza ina nafasi kiasi gani, hospitali wamemkataza nini. Aliyepandwa na presha akiwa mjamzito huenda ameambiwa apunguze chumvi. Aliyekuwa na kisukari cha mimba, uji wake usitiwe sukari. Wengine wataongeza yao kwenye kikombe.

Kama hakuna friji, usilazimishe. Peleka mlo mmoja wa moto unaoliwa ukifika, pamoja na vitu vikavu: unga wa ulezi, dagaa waliotolewa vichwa na kukaangwa wakakauka, karanga zilizochambuliwa. Karanga yenye ukungu au iliyosinyaa itupwe, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga. Uji ukipelekwa kwenye chupa ya chai, chupa isuuzwe kwanza kwa maji yanayochemka, na maziwa yaende peke yake. Uji wa maziwa uliokaa vuguvugu tangu asubuhi hauna safari ndefu.

Kwa wenye friza, mtori ndio unaovumilia. Kilo 1 ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa ichemke na tangawizi na chumvi kidogo kwa saa moja na nusu hadi mbili, mpaka iachie mfupa. Ndizi mshare kilo 2 zimenywe na kutumbukizwa papo hapo kwenye maji yenye limau, la sivyo zitakuwa nyeusi na mtori wote utatoka rangi ya majivu. Zipike kwenye mchuzi ule wa nyama pamoja na karoti na kitunguu, ziive, uziponde kwa mwiko. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanauepua ukiwa na uzito wa kuliwa sasa hivi. Wanga wa ndizi hukaza ukipoa, na kesho yake kinachotoka kwenye kopo kinakatika kwa kisu. Uache mwepesi kama uji wa kunywa. Toa mifupa yote, kwa sababu mlaji ana mtoto mkono mmoja na hana nafasi ya kuchokonoa. Kisha andika juu ya kopo: "ongeza kikombe 1 cha maji, moto mdogo, koroga." Ukipashwa kwa moto mkali unashika chini wakati katikati bado ni barafu.

Supu ya kuku wa kienyeji nayo haina shida. Ikilala kwenye friji huganda kama jeli, na hiyo ni dalili ya mifupa iliyochemka vizuri. Waambie mapema wasije wakaimwaga.

Chakula kingi huharibikia kwenye kupozwa, wala si kwenye kupikwa. Sufuria ya lita 5 iliyofunikwa na kuachwa mezani hukaa vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na bakteria wanatafuta hicho hicho. Gawanya kwenye makopo, chakula kisizidi kina cha vidole vitatu, au simamisha sufuria kwenye beseni la maji baridi, ukoroge na kubadilisha maji. Kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Dar es Salaam mwezi wa Februari, joto likivuka nyuzi 32, hesabu saa 1. Kwenye friji ya nyuzi 4 kitakaa siku 3 hadi 4, kwenye friza miezi 2 hadi 3. Juu ya kopo acha nafasi ya sentimita 2, kwani mchuzi huvimba ukiganda na hupasua chupa ya kioo. Umeme ukikatika, friza iliyojaa isiyofunguliwa hushika baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja.

Vipo vya kutopikwa mapema kabisa. Tui zito hukatika likigandishwa, kwa hiyo maharage yagandishwe kabla ya kuungwa kwa nazi, na nazi iende pembeni. Viazi mviringo vikitoka friza vinakuwa sifongo lenye maji. Mchicha upelekwe mbichi, umechambuliwa tayari. Wali upikwe huko huko: uliolala kwenye hotpoti unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo kuupasha moto hakuiondoi.

Hayo maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Bibi mmoja hakosekani wa kusema yatamjaza mtoto gesi. Gesi ya tumboni mwa mama haipiti kwenye maziwa, ila mama aliyetoka kupasuliwa anaweza kuumwa tumbo yeye mwenyewe siku za kwanza, hivyo bibi hajakosea sana. Yapeleke wiki ya pili. Kwa kuwa mzazi amepoteza damu, nyama nyekundu, dagaa na maharage vina kazi ya kurudisha madini ya chuma. Weka malimau kwenye kifurushi, na chai isubiri kama saa moja baada ya mlo, kwani huzuia madini hayo kufyonzwa.

Tumia makopo usiyoyadai, kila moja liwe mlo wa watu wawili, kwa kuwa kilichoyeyuka hakirudishwi friza. Juu ya kopo bandika jina la chakula na tarehe ya kupikwa. Ukiwa na mafua usiende. Mpe bodaboda, kopo likiwa limeganda na kusimamishwa ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko, na upige simu linapotoka, lisije likakaa getini kwa mlinzi mpaka jioni.