Jinsi ya kupanga safari ya makanisa ya mbao ya Zakarpattia

Zakarpattia ni mkoa wa magharibi kabisa mwa Ukraine, ng'ambo ya milima ya Karpati, unaopakana na Poland, Slovakia, Hungaria na Romania. Makanisa yake mawili ya mbao, la Uzhok (1745) na la Yasinia (1824), yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2013. Panga safari kwa kuyafuata hayo. Ngome ya Palanok iliyoko Mukachevo na mvinyo wa Berehove utavikuta njiani.

Anza na viza. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu 24 Februari 2022 kwa sababu ya vita, hivyo utaingia kwa nchi kavu. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayepitia Slovakia au Hungaria anahitaji viza ya Ukraine, pamoja na ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukiwa na ya Schengen ya mara moja tu, ukishatoka huwezi kurudi ulikotokea. Bima nyingi hazilipi madhara ya vita: soma kipengele hicho kabla ya kulipa.

Jihadhari na saa. Saa rasmi ni ya Kyiv, ambayo majira ya joto hulingana na ya Nairobi na Dar es Salaam. Wenyeji wengi, hasa Wahungaria wa Berehove, hupanga mambo kwa saa ya Ulaya ya Kati, iliyo nyuma kwa saa moja. Treni hufuata ya Kyiv. Ukipewa miadi, uliza ni saa ipi.

Mjini Uzhhorod, makao makuu ya mkoa, tembelea kwanza makumbusho ya wazi kando ya ngome. Kanisa la Shelestovo (1777) limehamishiwa hapo, na ni rahisi kulikagua kwa utulivu: tazama magogo yalivyoshikana pembeni na paa lilivyoezekwa kwa vigae vya mbao. Kisha panda treni ya kuelekea Sianky hadi Uzhok, ukiwa umeshajua saa ya treni ya kurudi. Kanisa la hapo ni la mtindo wa Waboyko, jamii ya milima ya Karpati: sehemu tatu kwa mstari mmoja. La Yasinia ni la mtindo wa Wahutsul, jamii nyingine ya milima hiyo, lenye umbo la msalaba. Usijaribu yote mawili kwa siku moja. Yasinia iko mashariki kabisa, na basi kupitia Khust na Rakhiv hula karibu siku nzima.

Makanisa haya bado ni ya ibada, na mara nyingi hufungwa katikati ya wiki. Nenda Jumapili asubuhi, au ulizia kijijini nani anashika ufunguo. Wanawake hufunika kichwa. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usitumie mwanga wa kamera.

Karibu na Rakhiv, mto Tysa ndio mpaka wa Romania na doria ni kali. Usishuke ukingoni, usipige picha vituo vya walinzi, na beba pasipoti yenyewe badala ya nakala.

Mwezi bora ni Mei, kwa kuwa ndipo bonde la maua ya narsisi la Khust huchanua.