Kusoma mihuri ya bastola ya zamani

Aliyerithi kihalali bastola ya Enfield No. 2 kutoka shamba fulani la Nakuru, akishahakikisha kwamba silinda haina risasi, atazame ubavu wa kulia wa fremu, ambako chini ya taji hugongwa jina la kiwanda, toleo na kwa kawaida mwaka. Muundo huu uliingia jeshini Uingereza 1932. Taji juu ya herufi BNP ni muhuri wa majaribio wa Birmingham, yaani wa kupimwa uimara wa silaha, uliowekwa na kanuni za 1954. Kwenye silaha za jeshi mara nyingi huonyesha kuuzwa kwa raia, wala si kutengenezwa, na hapo ndipo wengi hupotoka. Mishale miwili iliyogusana ncha huthibitisha kwamba jeshi liliiachilia. Nambari ya silinda ikitofautiana na ya fremu, yamkini silinda ilibadilishwa. Kutu isisuguliwe kwa msasa, kwani hufuta mihuri.