Breki za gari la zamani: sikiliza pedali kabla ya kununua vipuri

Mwongozo huu ni wa magari yenye breki za ngoma (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) kwenye magurudumu yote manne, kama Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960. Mengi ya enzi hizo yana njia moja tu ya mafuta ya breki: gurudumu moja likivuja, breki zote zimekwenda. Hapa Bukavu usijaribu gari kwenye mteremko wa Kadutu. Liweke tambarare, zuia magurudumu kwa mawe.

Hatua ya 1. Kanyaga ushikilie. Pedali ikizama polepole na hakuna mafuta yanayovuja popote, mipira ya ndani ya silinda kuu (ile inayosukumwa na pedali) imechoka. Fungua ngoma pia, maana silinda za magurudumu huvujia humo. Vumbi lake usilipulize. Lainingi za zamani, yaani tabaka linalosugua ngoma kwa ndani, huwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Hatua ya 2. Pampu haraka mara mbili tatu. Pedali ikipanda na kukaza, lainingi ziko mbali na ngoma. Zisogeze kwa nyota za kurekebishia (vigurudumu vidogo vyenye meno). Ikipanda huku inadunda, kuna upepo (hewa) ndani ya mafuta. Rekebisha kwanza, upepo baadaye. Wengi hugeuza utaratibu huu, wakamaliza chupa ya mafuta bure.

Hatua ya 3. Gurudumu linabaki limeshikwa? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Liinue, kanyaga, achia, kisha legeza bomba la chuma pale linapoingia kwenye bomba la mpira. Gurudumu likiachia, tatizo liko juu: pedali haina mchezo (nafasi ndogo ya kusogea kabla ya kuanza kusukuma), au tundu la kurudishia mafuta kwenye silinda kuu limeziba. Lisipoachia, fungua nipo ya gurudumu (skrubu ya kutolea upepo). Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, bomba la mpira limevimba ndani, hata kama nje linang'aa. Gurudumu lisipotikisika bado, tafuta kutu kwenye silinda, springi, au kebo ya breki ya mkono kama ni gurudumu la nyuma.

Hatua ya 4. Gari likivuta kulia, kagua kushoto kwanza. Mara nyingi upande huo ndio haushiki.

Hatua ya 5. Toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa: ikiwa mpya huchemka kuanzia 230°C, ikishanyonya unyevu hushuka hadi karibu 155°C. Kwenye mteremko mrefu, pedali ikilegea ghafla, mafuta yamechemka. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halisimami, lainingi ndizo zimepata moto. Vyovyote vile, shuka kwa gia ndogo.