Bastola ya "Mrusi": Jinsi ya Kujua Ilikotoka Kabla Hujalipa

Ukizunguka maonyesho ya silaha Marekani, hutakosa meza yenye bastola nyeusi, bapa, yenye nyota kwenye mshikio, na muuzaji anayeapa kuwa ni "ya Mrusi". Huenda ni kweli. Lakini Tokarev TT-33, iliyobuniwa na Fedor Tokarev na kuingia jeshi la Kisovieti miaka ya 1930, ilinakiliwa Poland, Hungaria, Romania, Yugoslavia, China na Korea Kaskazini. Kwa macho ya haraka zote ni pacha. Bei zake hazilingani hata kidogo, na hapo ndipo hadithi za wauzaji zinaponoga.

Kabla ya bastola, itazame viza yako. Sheria ya shirikisho inamzuia mwenye viza ya muda, iwe ya masomo au ya kazi, kuwa na silaha ya moto. Kuna misamaha michache, unaojulikana zaidi ukiwa leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, ila kila jimbo lina masharti yake, na kosa la silaha linaweza kumrudisha nyumbani hata yeye. Asiye na makaratasi asiiguse. Dukani utajaza Fomu 4473, ile fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa silaha: usijiite raia kama hujawa raia, na ujue kwamba mvutaji bangi hazuiliwi tu pale jimbo linapoikataza bangi. Shirikisho linamzuia popote alipo.

Mliopo Uingereza, someni kwa kujifurahisha tu. Baada ya mauaji ya shuleni Dunblane, Scotland, ya 1996, bastola za aina hii zilipigwa marufuku 1997, isipokuwa Ireland Kaskazini. Canada nayo ilisimamisha uuzaji wa bastola kwa watu binafsi Oktoba 2022.

Haya, sasa chuma. Mwombe muuzaji atoe magazini, afungue slaidi, akuonyeshe chemba tupu. Halafu usianze na nyota. Tafuta kwanza maandishi madogo ya mwagizaji, ambayo mara nyingi yamefichwa chini ya mtutu au ubavuni. Tangu sheria ya 1968, silaha inayoingizwa kibiashara lazima ichongwe jina la mwagizaji na mji wake. Ukiona "CAI" na "VT", kwa mfano, hiyo ilipitia kampuni ya Century Arms kule Vermont. Mara nyingi nchi ilikotengenezwa imeandikwa hapo hapo, na mjadala umekwisha.

Dalili ya pili ni sefti, yaani kifungo kinachozuia risasi kufyatuka. Tokarev ya jeshini haikuwa na sefti ya kidole. Askari aliitegemea nyundo iliyovutwa nusu. Marekani haikubali bastola ya namna hiyo kuingizwa sokoni, kwa hiyo waagizaji huongeza kitufe cha sefti, wakati mwingine kwa kazi ya kulipua kabisa. Bastola yenye kitufe hicho haikutoka mfukoni mwa babu yeyote aliyepigana Vietnam, hata muuzaji akitokwa machozi.

Ndiyo, zipo zilizokuja na askari kutoka Vietnam, nyingi zikiwa za China. Hizo hazina alama ya mwagizaji, na zenye thamani kubwa huambatana na karatasi ya jeshi inayoruhusu nyara, yenye namba ya silaha. Linganisha namba hiyo na ile ya kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Hati bila namba ni hadithi tu iliyopigwa chapa.

Alama za kiwanda ndizo tamu zaidi. Ya China, Aina ya 54, huwa na herufi za Kichina na mara nyingi 66 ndani ya pembetatu. Kama ina alama ya mwagizaji pia, karibu hakika iliingia kabla ya 1994, mwaka ambao serikali ya Clinton ilifunga uagizaji wa bunduki kutoka China. Ya Poland ina 11 ndani ya duara, kazi ya kiwanda cha Radom. Yugoslavia, pale Kragujevac, walirefusha mshikio wa M57 ili magazini ibebe risasi 9 badala ya 8. Hiyo utaitambua hata bila miwani. Mshale ndani ya pembetatu umewaponza wengi: Izhevsk ya Urusi waliutumia, na Cugir ya Romania pia. Usiamue kwa mshale peke yake.

Nyota ya mshikioni ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Vibao vile hutoka kwa dakika moja, na vya Kisovieti vyenye herufi CCCP huuzwa peke yake.

Namba ikiwa imekwanguliwa, ondoka, hata bei iwe ya kutupa. Kuwa na silaha ya namba iliyofutwa ni kosa la jinai la shirikisho. Na ikiwa muuzaji ni mtu binafsi wa jimbo jingine, lazima mauzo yapitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Mimi ningepitia kwake hata tukiwa jirani.

Kuhusu risasi: Tokarev ya asili hula risasi ya milimita 7.62 kwa 25, lakini China ilitengeneza za milimita 9 kwa ajili ya kuuza nje, na Hungaria iliwatengenezea Wamisri Tokagypt 58, ya milimita 9 pia. Milimita 9 ya Makarov, bastola nyingine ya Kisovieti, nayo ni risasi nyingine kabisa. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, na kama hakisomeki, fundi bunduki aupime kabla hujanunua hata kisanduku kimoja.