Jinsi ya kuonana ana kwa ana, sio kuishia kwenye "tutaonana"

Kwanza acha kumwambia rafiki yako "tutaonana siku moja", sema Jumamosi saa kumi jioni, sema wapi, halafu siku moja kabla mkumbushe kwa meseji fupi. Tangu 2020 tumezoea simu za video na kweli zinasaidia, ila kamera iko juu ya skrini, ukimwangalia machoni yeye anaona umeshusha macho, na sauti ikichelewa kidogo tu mnaanza "ongea wewe, hapana anza wewe". Mkikaa pamoja hayo yanaisha.

Simu weka kwenye begi, sio mezani hata kama umeifunika, maana ikitetemeka tu macho yanakimbilia huko.

Mi rafiki yangu aliniandikia "niko poa" miezi mitatu mizima, siku tumekaa nikamwona anazungusha kikombe tu bila kunywa, nikajua hayuko poa kabisa, nikanyamaza mpaka akaanza kusema mwenyewe. Huo ukimya usiuogope jamani, usikimbilie kuujaza maneno, mara nyingi ndo mambo yenyewe yanatokea hapo.

Na kabla hamjaachana pangeni siku nyingine hapohapo, mkiwa bado mmesimama mlangoni.