Printa iko kwenye kebo, simu iko kwenye waifai: jinsi ya kuvusha matangazo ya huduma kati ya mitandao miwili

Steshenari nyingi ninazozihudumia Kihesa, Iringa, na Mwanjelwa, Mbeya, zina mpangilio unaofanana: printa na kompyuta za kazi zimeunganishwa kwa kebo kwenye mtandao mmoja, ilhali wateja, ambao wengi wao ni wanafunzi wenye kazi zao kwenye simu, wanatumia waifai iliyotengwa katika mtandao wa pili. Intaneti inapatikana pande zote, lakini mteja akitaka kuchapisha, simu yake haioni printa yoyote. Mafundi wengi hulitatua jambo hili kwa kuunganisha kila kitu kuwa mtandao mmoja. Siishauri njia hiyo, kwa sababu simu ya mpita njia itakuwa imeketi meza moja na kompyuta yenye hesabu za duka.

Printa hujitangaza kwa itifaki ya mDNS, yaani njia ya vifaa vya mtandao mmoja kutafutana kwa majina, iliyoelezwa katika waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 6762 wa mwaka 2013. Matangazo yake hutumwa kwenye anwani ya kundi 224.0.0.251 kupitia poti ya UDP 5353, na kwa kuwa anwani zote za 224.0.0.0/24 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya mtandao mmoja, ruta haipaswi kuzivusha, hata ukiandika kanuni ya fayawoli inayoziruhusu. Kinachotakiwa, basi, ni programu inayosikiliza tangazo upande mmoja na kulirudia upande wa pili. Mimi hutumia Avahi, na maelezo yafuatayo ni ya ruta yenye OpenWrt, mfumo endeshi wa ruta.

Hatua ya kwanza: sakinisha kifurushi cha avahi-nodbus-daemon kwenye ruta inayokutanisha mitandao yote miwili. Kiwekwe kwenye ruta hiyo peke yake. Virudishi viwili, yaani programu mbili za aina hii, vikihudumia mitandao ileile, kila kimoja kitarudia tangazo la mwenzake, na waifai itajaa matangazo yanayozunguka bila mwisho.

Hatua ya pili: fungua faili la /etc/avahi/avahi-daemon.conf na uhakikishe kuwa lina mistari hii, ukibadilisha majina ya violesura, yaani milango ya ruta kwenye kila mtandao, yafanane na ya kwako (hapa br-lan ni upande wa kebo, br-wageni ni waifai ya wateja):

[server]
allow-interfaces=br-lan,br-wageni

[reflector]
enable-reflector=yes

Usiuache mstari wa allow-interfaces, kwa kuwa bila huo Avahi inaweza kurudia matangazo hata kwenye kiolesura kinachoelekea kwa mtoa huduma wa intaneti. Kuanzia toleo la 0.8 upo pia mstari wa reflect-filters, unaotaja aina za huduma zinazoruhusiwa kuvuka.

Hatua ya tatu ni fayawoli, na hapa ndipo kazi nyingi hukwama, kwa sababu kuliona jina la printa na kuifikia printa yenyewe ni mambo mawili tofauti. Tangazo linabeba maelezo ya huduma tu, kama jina, anwani na poti; kazi ya kuchapisha husafiri peke yake, kama mawasiliano ya kawaida ya TCP yanayopita kwenye ruta. Kwa hiyo zinahitajika kanuni mbili. Ya kwanza inairuhusu ruta yenyewe kupokea UDP 5353 kutoka mtandao wa wageni. Ya pili inaruhusu wageni kuifikia anwani ya printa, na hiyo tu, kwenye poti ya TCP 631 inayotumiwa na IPP, itifaki ya kuchapisha. Printa ipewe anwani ya IP isiyobadilika, la sivyo kanuni hiyo itakuja kuelekeza kwingine. Kizuizi cha simu kuonana zenyewe kwa zenyewe ndani ya waifai kiache kama kilivyo, maana printa haiko upande huo.

Hatua ya nne: anzisha Avahi upya, kisha endesha kwenye ruta amri hii ya kutazama matangazo yanayopita:

tcpdump -ni br-wageni udp port 5353

Fungua orodha ya printa kwenye simu. Utaona kwanza swali likitoka kwenye anwani ya simu, kisha jibu lenye _ipp._tcp likitoka kwenye anwani ya ruta, kwa kuwa ndiyo inayorudia. Swali likionekana bila jibu, fanya kipimo hichohicho kwenye br-lan: printa ikiwa haijibu hata huko, basi tatizo liko kwenye mipangilio ya printa, si ya ruta.

Televisheni na vifaa vya DLNA (vya kushirikishana video na muziki) ni habari nyingine. Hivyo hutumia itifaki nyingine ya kujitangaza, SSDP, kwenye 239.255.255.250 na poti 1900, ambayo Avahi haiigusi.

Mwambie pia mwenye duka kuwa umeme ukikatika ghafla, printa haipati nafasi ya kuaga, na rekodi inayotaja huduma hiyo kwa kawaida huhifadhiwa kwa dakika 75. Kwa hiyo jina linaweza kuendelea kuonekana kwenye simu za wateja wakati printa imezimika, na hilo halihitaji kumwita fundi.