Namna ya kupima kazi ya mtafiti wa saratani

Madaktari wa uzamili wakija kwenye meza yangu ya maktaba hapa Upanga kuulizia msimamizi wa tasnifu, swali huwa lile lile: "Dada, huyu profesa ana makala ngapi?" Mimi idadi naiangalia mwisho.

Anza na jina. Andika "Mushi J" kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, uone: daktari wa upasuaji, mtu wa mifugo na mtu wa malaria, wote kapu moja. Tafuta namba ya ORCID ya mtafiti wako, yaani kitambulisho cha watafiti mtandaoni chenye tarakimu 16, maana hiyo ni ya mtu mmoja tu. Kama hana, changanya jina lake na chuo chake na aina ya saratani anayoishughulikia. PubMed ni bure na inafunguka kwenye simu, ila haina majarida yetu yote. Yaliyokosekana pitia AJOL, mkusanyiko wa mtandaoni wa majarida ya Afrika.

Kisha tazama amekaa wapi kwenye orodha ya waandishi. Katika tafiti za tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa timu. Zipo makala za takwimu za dunia zenye waandishi mamia, zinanukuliwa mara maelfu. Aliyetajwa katikati ya umati ule naye anahesabiwa sawa na wenzake.

Hapo ndipo kipimo cha h kinapodanganya watu. Kilitungwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: h ya 12 maana yake mtu ana makala 12, kila moja imenukuliwa angalau mara 12. Hakishuki hata mtu akistaafu. Tena anayetafiti saratani ya umio, inayoonekana sana kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, ana wasomaji wachache kuliko wa saratani ya matiti, basi usiwashindanishe. Na ukitaja h, sema umeitoa wapi, kwa kuwa Google Scholar hujumlisha hata tasnifu na ripoti, hivyo namba yake huwa juu kuliko ya Scopus, hifadhi inayohesabu nukuu za majarida iliyoyachagua.

Hatua ambayo wengi huiruka ni kuangalia kama kuna makala iliyofutwa, yaani iliyotangazwa na jarida kuwa si ya kutegemewa tena. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature Medicine njia ya kutabiri dawa ipi itamfaa mgonjwa gani wa saratani. Ilinukuliwa sana, na wagonjwa wakaingizwa kwenye majaribio. Keith Baggerly na Kevin Coombes wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, wakarudia hesabu: wakakuta majina ya jeni yamesogea mstari mmoja, na seli zinazoshindwa na dawa zimeandikwa kuwa ndizo sugu. Makala ikafutwa 2011. Nukuu zake hazikufutwa nayo. Kwa hiyo fungua kila makala kubwa ya mtu wako PubMed, utazame kama kuna tangazo la kufutwa juu ya ukurasa, halafu tafuta jina lake kwenye hifadhi ya Retraction Watch inayoorodhesha makala zilizofutwa, nayo ni bure. Mtu akikasirika kwamba umemkagua, mimi ningetafuta msimamizi mwingine.

Sasa ndipo uulize: kazi yake imefika wapi? Mfano ninaoupenda ni wa Mwanza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa wapate dozi moja, mbili au tatu za chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na matokeo yakatoka 2022 katika jarida la Lancet Global Health. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja itumike, likitegemea ushahidi wa nchi kadhaa, na 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Hilo h haikuonyeshi. Fungua mwongozo wa tiba au wa chanjo, nenda kwenye marejeo mwishoni, utafute jina la mtafiti wako humo. Kama anafanya majaribio ya dawa, mtafute pia ClinicalTrials.gov, daftari la mtandaoni la majaribio ya tiba, uone kama majaribio yaliyokwisha yana matokeo au yamebaki kimya.

Mwisho chagua makala zake tatu uzisome, sehemu ya mbinu kabla ya hitimisho. Ukikuta makala imefungwa kwa malipo, usitoe dola zako: uliza maktabani kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozifungulia nchi za kipato cha chini majarida ya afya, au mwandikie mwandishi mwenyewe akutumie nakala. Atakavyokujibu napo utajua kama mtaelewana.